Viraka Tisa Juu ya Jina Moja

Padri Osbern alikuwa amekwisha kukiri mara tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu alikuwa amekosea.

"Nta," alisema kwa mara ya nne, ameketi juu ya gunia la sufi katika stoo iliyo chini ya nyumba ya soko. "Niliyeyusha mshumaa, nikabandika. Mimi peke yangu. Andika, Barnaby mwanangu, tumalizane."

Barnaby Thorold hakuandika. Mwaka ule zamu ya ukonstebo wa mji wa Harstow ilikuwa imemwangukia yeye, lakini kazi yake ya siku zote ilikuwa kuandika hati za watu, na mwandishi wa hati anaijua gundi kama mwokaji anavyoujua unga. Alikuwa amekipakata kitabu cha misa magotini. Akakifungua kwenye sikukuu ya Mtakatifu Gregori, Papa wa kale, akakisogeza chini ya pua ya padri.

"Nusa."

Padri akanusa.

"Kinanuka nini?"

"Utakatifu," alisema padri.

"Kinanuka samaki. Hiyo ni gundi ya kibofu cha samaki." Barnaby akageuza kurasa. "Hapa kwa Klementi, shayiri iliyochachuka. Kwa Mtakatifu Leo, uji wa ngano, tena wa mtu mvivu wa kuchekecha, maana makapi yamo. Kwa Silvesta ndiyo nta, hapo peke yake umepatia. Viraka tisa, Padri, na sijapata gundi mbili zinazofanana. Una majiko mangapi wewe?"

"Sina hata moja. Nakula kwa waumini, kwa zamu."

"Kwa zamu," Barnaby akarudia, na hilo akaliandika.

"Futa hilo."

"Kufuta ndiko kulikotuleta humu, Padri."

Habari yenyewe kila mtu Harstow aliijua, mpaka mbwa wa bucha. Mfalme alimchoka mkewe wa miaka zaidi ya ishirini, akataka aambiwe kwamba ile haikuwa ndoa hata siku moja. Papa wa Roma akasema ilikuwa ndoa na bado ni ndoa. Basi mfalme akajitangaza mwenyewe kuwa mkuu wa kanisa la Uingereza, akamweka malkia mpya, na kiangazi hicho likatoka agizo: jina la Papa liondolewe katika kila kitabu cha ibada nchini. Mapadri walichukua visu wakakwangua. Harstow hawakukwangua. Mtu alikata vipande vya ngozi vidogo kama kucha, akavibandika juu ya jina mahali pote tisa lilipoandikwa, wino ukabaki salama chini yake, ukingoja. Na kiraka kimoja kilianguka wakati wa misa.

Saa sita mchana angefika Bwana Rafe Dunsley, mjumbe wa mfalme, akitaka jina la aliyefanya hivyo. Jina hilo lingepanda farasi hadi mji mkuu, na huko lingeacha kichwa.

Barnaby akamgeuzia padri kitabu. "Nisomee mstari huu wa juu."

Padri akakipokea, akakaza macho yake yaliyoingia ukungu, akaimba Kilatini safi, neno kwa neno, bila kukwama.

"Vizuri sana," alisema Barnaby. "Ila umekishika kichwa chini miguu juu."

Mzee akakishusha. Hakutahayari. "Misa ninayo kichwani miaka arobaini. Na shingo ninayo hii moja, imekwisha kazi. Wape hii. Wewe unatafuta nini zaidi?"

"Aliyefanya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeapishwa kumtafuta."

"Basi Mungu akupe upofu kama wangu," alisema padri, akajiegemeza ukutani kama mtu aliyekwisha kula.

*

Nje mlangoni alikuwa anangoja Lambert Crouch, mtunza mali ya kanisa, aliyepeleka habari kwa mjumbe. Mtu mwenye shingo ndefu na masikio ya kazi.

"Amekiri?"

"Amekiri kupita kiasi. Eleza tena ulichokiona."

"Nimeeleza mara ngapi, konstebo? Jumapili, kwenye sala kuu. Anageuza ukurasa, kikapukutika kama jani. Nikakiokota, nikachungulia kitabuni. Papa, wino mweusi tii, anakukodolea macho."

"Na kiraka kingine chochote ulikigusa?"

"Nikiguse nini? Mimi nataka kunyongwa?"

"Kwa hiyo hukumwona padri akibandika."

"Kitabu ni cha nani?"

"Na nguruwe aliyefukua makaburi mwezi uliopita ni wa nani?"

Nguruwe alikuwa wa Crouch, na padri alikuwa amewataja kwa majina mimbarini, wote wawili, nguruwe akitangulia.

"Hiyo haihusiani," alisema.

"Nimeuliza tu. Kiraka kipo wapi?"

Crouch akampa kile kiraka kilichoanguka, kimefungwa kwenye kitambaa. Barnaby akakigeuza juu chini mwangani. Nyuma yake palikuwa na vumbi la rangi ya kahawia, kavu, linalong'aa. Alipolisugua kwa kidole likasagika kama kioo. Akalinusa. Halikunuka kitu. Kisha akaitazama ngozi yenyewe. Katikati ulipita mstari wa kijivu uliochorwa kwa kipande cha risasi, wa kuongozea mwandiko, na mstari huo ulikuwa pacha: mmoja mzito, na kando yake mwembamba kama unywele.

Akakifunga tena, polepole.

"Umeona kitu?" aliuliza Crouch.

"Nimeona ngozi," alisema Barnaby.

*

Kilabu cha Marjory Pask kilikuwa kimejaa toka saa tatu. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kupika pombe, na Marjory akipika pombe nusu ya wanawake wa Harstow huja kusaidia na nusu nyingine huja kuwasikiliza wanaosaidia. Barnaby alipoingia na kitabu kwapani, kelele zilikatika kama uzi.

"Karibu konstebo," alisema Marjory. Alikuwa mwanamke mpana, mikono imebabuka kwa mvuke. "Umekuja kunywa au kunusa? Tumesikia leo pua yako iko kazini."

Wanawake wakacheka. Barnaby akaenda moja kwa moja kwenye pipa lililokuwa limezibwa ufa kwa kitambaa na ute mzito wa shayiri. Akachovya kidole, akanusa, akafungua ukurasa wa Klementi.

"Ni huu huu."

"Shayiri ni ya Mungu," alisema Marjory. "Iko kila mahali."

"Na kibofu cha samaki?" Barnaby akamgeukia Cicely Wade, muuza samaki, aliyekuwa amekaa karibu na moto na ndoo yake katikati ya miguu. "Bibi Cicely, nani mwingine hapa mjini anachemsha vibofu?"

"Hakuna," alisema Cicely. "Na kama ni Papa, basi umbandike kwa nini zaidi ya samaki?"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye dari. Barnaby akangoja kiishe.

"Padri anakula kwa zamu," alisema. "Anakwenda na kitabu chake, maana ufunguo wa kanisa uko kwa Lambert Crouch, na Crouch haaminiki. Akila anasinzia. Nyumba anazokula nimezihesabu. Hapa kwako Jumatatu. Kwa Cicely Ijumaa. Kwa mjane mtengeneza mishumaa. Kwa mke wa mwokaji, ambaye hachekechi."

"Nachekecha!" ilisema sauti moja nyuma.

"Hachekechi," walisema wengine kwa pamoja.

Marjory akaifuta mikono yake kwenye aproni. Akaja akasimama mbele ya Barnaby, karibu sana, mvuke ukimtoka mabegani.

"Nikuulize, konstebo. Mwaka jana wanaume wote wa Harstow waliapa. Walipanga mstari pale kanisani kama kondoo wa kukatwa sufi, mmoja mmoja mkono juu ya Injili: malkia mpya ndiye malkia, wa kwanza hakuwa kitu. Nani aliandika majina?"

"Mimi."

"Jina langu uliliandika?"

"Hapana."

"La Cicely?"

"Hapana. Wanawake hawakuitwa."

"Hawakuitwa," alisema Marjory. "Basi kiapo chenu hatukivunji. Huwezi kuvunja chungu ambacho hujapewa."

"Sheria haina jike wala dume, Bibi Marjory. Dunsley atawanyonga na sketi zenu."

"Anajua kuhesabu? Maana tuko wengi." Hakuwa anacheka sasa. "Sikiliza. Mimi Roma siijui. Papa hajawahi kuja hapa kula hata soseji. Lakini yule mama alikaa kwenye ndoa miaka ishirini na zaidi, akazaa, akazika watoto, akamshonea mumewe mashati kwa mkono wake. Leo kafungiwa kwenye jumba lenye ukungu huko mabwawani, anaambiwa hakuwahi kuolewa. Mwezi uliopita mume wangu kanitazama mezani, akasema, 'Marjory, hivi sisi padri aliyetufungisha alikuwa mzima kichwani?' Anatania. Mwaka wa juzi utani huo haukuwapo duniani."

Hakuna aliyecheka.

"Katika wanaume wote wakubwa," alisema Marjory, "alisimama mmoja akasema hapana, ndoa ni ndoa. Tukaambiwa tulikwangue jina lake. Ukikwangua, limekwenda. Ukifunika, lipo."

"Nani alianzisha?"

"Sote."

"Nani alikata ngozi?"

Hapo, kwa mara ya kwanza, Marjory akayaondoa macho yake usoni mwa konstebo. Akamtazama Cicely, na Cicely akaitazama ndoo yake.

"Nyumba nane nimezipata humu," alisema Barnaby. "Padri anakula katika nyumba tisa."

"Basi hesabu imekushinda," alisema Marjory kwa upole. "Nenda nyumbani ukapumzike. Saa tano hiyo."

*

Thomasin Thorold alikuwa anakata matunda ya plamu kwa ajili ya kukausha. Hakuinua kichwa mumewe alipoingia, akapita hadi kwenye kasha la hati kando ya dirisha. Kibandiko cha kasha hilo, chenye jina la Barnaby kwa herufi nzuri, kilikuwa kimelala sakafuni, kama kilivyolala wiki iliyopita na wiki ya kabla yake.

Barnaby akakiokota. Nyuma yake palikuwa na vumbi la kahawia linalong'aa. Akakiweka mezani, na kando yake akakiweka kile kiraka.

"Utomvu wa mti wa plamu," alisema. "Usipotiwa asali unakauka, unapasuka. Nimekwambia mara mia."

"Asali ilikwisha."

Akafungua kasha, akatoa rula yake. Ukingo wa rula ulikuwa na pengo dogo, alipoiangusha miaka saba iliyopita, na tangu siku hiyo kila mstari aliochora ulizaa pacha. Akatoa hati ya viapo, ngozi ndefu yenye majina mia moja na kumi na mawili ya wanaume wa Harstow. Akaikunjua mpaka mwisho. Chini ya jina la mwisho alikuwa ameacha nafasi tupu ya shubiri nzima, yenye mistari tayari, kwa watakaochelewa. Nafasi hiyo haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na mkasi ulikwenda upogo.

"Kati ya ngozi zote zilizomo humu ndani," alisema Barnaby.

"Ilikuwa tupu," alisema Thomasin. "Nikaona pale ndipo majina yetu yangekaa, kama mngetuuliza."

Akaweka kisu chini. Sasa alimtazama.

"Haya, konstebo. Andika jina langu. Una mwandiko mzuri."

"Unajua kitakachofuata nikiliandika?"

"Najua. Na usipoliandika, mzee wa watu ataning'inia kwa kosa la kula kwetu. Tulipanga kwamba likifumuka twende sote tukaseme. Padri alituwahi. Alisema yeye ana shingo moja tu, na ya zamani. Hakutusikiliza, kama wanaume wote."

"Majiko tisa, Thomasin. Dunsley hatachukua mmoja. Atachukua wote."

"Basi atafute mkokoteni mkubwa."

Barnaby akaketi, akatoa nakala ya agizo la mfalme lililopigwa chapa, lile lililobandikwa mlangoni pa kanisa tangu kiangazi. Akalisoma kwa kidole, kama anavyosoma hati za ugomvi wa mipaka, neno moja moja, akirudi nyuma. Kwenye mstari wa sita kidole kikasimama. Akausoma mstari huo mara tatu.

"Asali ilikwisha kweli?" aliuliza.

"Naweza kuazima kwa jirani."

"Kaazime."

*

Bwana Rafe Dunsley alifika kengele ya saa sita ikilia, na wapanda farasi wawili. Alikuwa mtu mdogo, nadhifu, aliyefunga glavu zake mshipini. Alitarajia kumkuta konstebo na mfungwa. Alikuta kanisa limejaa. Wanaume walikuwa upande mmoja, wakitazama kofia zao. Wanawake walikuwa wengi zaidi, na walikuwa wakimtazama yeye. Padri Osbern alisimamishwa karibu na madhabahu, mikono imefungwa. Lambert Crouch alisimama palipokuwa na nafasi, na palikuwa na nafasi kubwa pande zake zote.

"Jina," alisema Dunsley.

"Kwanza kosa, Bwana," alisema Barnaby. Akakiweka kitabu wazi mbele yake. "Nimepeleleza tangu alfajiri. Naomba nisome agizo."

"Nalijua."

"Kwa faida ya mashahidi." Akasoma kwa sauti ya sokoni: "'Jina hilo liondolewe machoni, lisisomeke na mtu yeyote katika parokia.' Bwana, huu ndio ukurasa wa sala kuu. Naomba utusomee jina la Askofu wa Roma."

Dunsley akainama. Akainuka.

"Limefunikwa."

"Linasomeka?"

"Limefunikwa kwa kiraka, konstebo. Chini yake lipo."

"Chini yake sikuulizwa na agizo. Agizo linasema machoni. Ngozi ya kitabu hiki ni kuukuu, kisu kingetoboa upande wa pili na kuliua jina la mfalme lililo nyuma yake, tunapomwombea sote. Parokia ikachagua njia ya heshima."

Mjumbe akatabasamu kidogo. Alikuwa amesikia mawakili wengi. Akanyoosha ukucha wa kidole cha shahada, akauingiza chini ya pembe ya kiraka.

Barnaby akachovya kalamu.

"Unaandika nini?"

"Kilichotokea, Bwana, ndiyo kazi yangu. 'Siku ya Ijumaa, saa sita mchana, ndani ya kanisa la Harstow, mbele ya mashahidi mia mbili na zaidi, jina la Askofu wa Roma, lililokuwa halisomeki, lilifunuliwa likasomeka. Aliyelifunua ni...'" Kalamu ikangoja juu ya ngozi. "Rafe ni kwa f moja?"

Ukucha haukusogea. Mmoja wa wapanda farasi akakohoa. Kisha Dunsley akautoa ukucha wake polepole, akautazama, akaunusa.

"Hii ni mbichi," alisema. "Inanuka asali."

"Ndiyo, Bwana. Hicho ndicho kilichoanguka Jumapili. Bwana Crouch alikiokota, akakaa nacho siku tano na jina liko wazi. Mimi nilipokipata nikakirudisha mahali pake leo hii, kwa mkono wangu. Kama kufunika ni kosa, jina la mkosaji ninalo tayari: Barnaby Thorold, konstebo. Kama kuacha wazi ndilo kosa, hilo nalo ninalo jina lake."

Vichwa vyote vikamgeukia Crouch.

"Na hivi vingine vinane?" aliuliza Dunsley.

"Vimeshika. Waliotii agizo, Bwana, sikutumwa kuwaandika."

Dunsley akafanya ishara, na mpanda farasi akaikata kamba ya padri. Mzee akaisugua mikono yake. "Lakini nilikiri," alinung'unika, na mtu akamvuta kwa upole hadi kwenye benchi.

"Wewe ni hodari wa kusoma, Thorold," alisema mjumbe, akivaa glavu. "Nipe hati ya viapo. Nitarudi nayo mjini. Wakubwa wangu nao wanapenda kusoma."

Barnaby akaitoa kifuani. Dunsley akaikunjua yote, jina kwa jina, mpaka chini. Akaugusa ukingo ule wa upogo.

"Imekatwa."

"Majina yaliishia hapo, Bwana."

Macho ya mjumbe yakatoka kwenye ukingo wa ngozi, yakaenda kwenye kitabu, yakarudi. Kisha yakapanda kwa wale waliosimama upande mkubwa wa kanisa, mstari baada ya mstari wa vilemba vyeupe: Marjory na mikono yake myekundu, Cicely na ndoo, mke wa mwokaji, Thomasin mwenye rangi ya plamu vidoleni. Hakuna aliyeangalia chini.

"Na hawa," alisema kwa sauti ndogo. "Hawa wote hawakuapa?"

"Hakuna aliyewauliza, Bwana."

"Tuulize basi," alisema Marjory Pask.

Thomasin alikuwa amesogea mbele hatua moja, na kando yake Cicely, na nyuma yao wengine, bila haraka, kama watu wanaokaribia meza iliyoandaliwa. Walikuwa wanangoja swali. Lingekuja, wangelijibu, na Dunsley, aliyekuja na wapanda farasi wawili na kamba moja, angelazimika kulisikia jibu.

Mjumbe wa mfalme akaikunja hati, akaitia kwapani, akatoka nje alipoacha farasi wake. Hakuuliza.